UZI: Ngome na askari dhidi ya ngome, sare ya hatua 60. Kwa nini dai la kwanza la Nyeusi lilikataliwa?

KeteNyeusi (Kinondoni), mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wikiendi. Naweka hapa mwisho wa mchezo mmoja wa chess (sataranji) wa klabu. Wachezaji wote wawili wako kwenye kiwango (reytingi) cha 1500 hadi 1600, saa ni dakika 60 kwa kila mmoja na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua. Herufi ni zilezile za kimataifa: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, askari hana herufi. Nikisema mstari ni ule wa kulala wenye namba, safu ni ile ya kusimama yenye herufi. Nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Nyeusi, + ni cheki (mfalme katishiwa), x ni kula, ! ni hatua nzuri, ? ni kosa.

Nyeupe kamaliza hatua ya 46, ubao uko hivi:

Nyeupe: mfalme e4, ngome b7, askari d5
Nyeusi: mfalme d8, ngome a1
Zamu ya Nyeusi

46...Ra6 47.Ke5 Rh6 48.Rg7 Ra6 49.Rh7 Rb6 50.d6 Rb1 51.Ke6 Re1+ 52.Kd5 Rd1+ 53.Kc6 Rc1+ 54.Kb6 Rb1+ 55.Kc6 Rc1+ 56.Kd5 Rd1+ 57.Ke6 Re1+ 58.Kf6 Rf1+ 59.Ke6 Re1+

Hapo Nyeusi akabonyeza saa yake, kisha akamwita mwamuzi: sare, hali imejirudia mara tatu. Mwamuzi akakataa, mchezo ukaendelea. Nyeupe akacheza 60.Kd5. Nyeusi akaandika Rd1+ kwenye karatasi, ngome hakuigusa, akamwita mwamuzi tena. Safari hii ikawa ½–½, yaani sare.

Maswali mawili. Nyeusi alistahili sare au Nyeupe kaiachia? Na la pili, kama hatua ya 60 dai lilikubalika, ya 59 lilikuwa na dosari gani?

---

Mstari wa Sita (Upanga)

Kastahili, tena kacheza kama ilivyo kitabuni. Huo ndio ulinzi wa Philidor, yule Mfaransa mwanamuziki aliyefia London 1795. Hali yenyewe aliichambua mwaka 1777.

Ngome ya Nyeusi hapo ina kazi mbili, na wanaopoteza hali hii huwa wamezichanganya. Ya kwanza ni kukaa mstari wa 6 wakati askari bado yuko d5. Ikikaa pale, mfalme wa Nyeupe hapandi c6, d6 wala e6. Na mfalme asipofika mstari wa 6, ngome ya Nyeupe itazunguka mpaka betri za saa ziishe, meti (mfalme katishiwa na hana pa kukimbilia) hakuna. Ndiyo maana 46...Ra6 inachezwa mara moja, kabla mfalme hajasogea.

Ya pili inaanza pale askari anapokanyaga d6. Angalia alichofanya: kakalia mraba ambao mfalme wake angeutumia kama mwavuli. Sasa ngome ya Nyeusi haina tena cha kulinda kwenye mstari wa 6, inashuka hadi mstari wa 1 na kupiga cheki kwa nyuma. Mfalme wa Nyeupe akiwa e6, d5, c6 au f6, popote pale yuko wazi, hana ukuta. Akitaka kuziondoa cheki lazima aisogelee ngome, na akiisogelea anamwacha askari peke yake, naye analiwa.

Kushuka kwenyewe hakuna kuchelewa. Baada ya 50.d6 Nyeupe anatishia 51.Ke6 kisha Rh8 meti: c7 na e7 zimefungwa na askari wa d6, d7 na e7 zimefungwa na mfalme, mstari wa 8 wote ni wa ngome. Nyeusi akicheza hatua moja ya bure hapo, mathalani 50...Ra6 akidhani bado anasubiri, 51.Ke6 inammaliza, askari hata akitishiwa na ngome ya a6.

---

Mbagala64

Mzee umemaliza. Mimi naongeza tu kwamba kwenye kusubiri Nyeusi alikuwa na uhuru wote, hatua ya 47 angeweza Rg6, Rh6, Rb6, yoyote tu, mstari ni uleule.

---

Mstari wa Sita

Rb6 hapana kaka. Ngome ya Nyeupe iko b7, 47...Rb6 48.Rxb6 na mchezo umeishia hapo. Hilo ndilo linaloua watu wengi kwenye hali hii kuliko nadharia yenyewe. Kila ngome ya Nyeupe inapohama, mraba wa kusubiria nao unabadilika. Ikiwa b7, usikanyage b6. Ikija g7 (hatua ya 48), g6 imefungwa. Ikija h7 (hatua ya 49), h6 imefungwa na b6 imefunguka, ndiyo maana 49...Rb6 ilikuwa halali kabisa. Halafu f6 haikanyagiki muda wote mfalme akiwa e5, analamba.

Hizo hatua tatu za Nyeupe, Rg7, Rh7 na ile Ke5, hazikuwa za kupoteza muda. Anazungusha ngome akisubiri Nyeusi, ambaye sekunde zimebaki chache, ateleze kwenye mraba wa ngome. Ni haki yake, hahatarishi kitu.

---

Kijiwe cha Drafti (Kariakoo)

Shikamoo mzee. Kwa sisi wa vizibo vya soda, naona ngome ingekaa salama zaidi nyumbani. 46...Ra8, inalinda mstari wa mwisho, mfalme yuko pembeni yake. Kwa nini aitoe nje ipigwe na jua?

---

Mstari wa Sita

Marahaba. Inaonekana salama kwa sababu hakuna kinacholiwa leo wala kesho. Lakini ngome ya a8 haimzuii mfalme wa Nyeupe kitu. Atapanda taratibu hadi e6, askari d6, halafu ngome yake itahama upande wa pili. Weka hali hii ubaoni: Nyeupe Ke6, Rh7, askari d6, Nyeusi Kd8, Ra8. Tishio ni Rh8 meti. Nyeusi hata akiwa na zamu hana pa kushika: Kc8 inajibiwa Rh8+ Kb7 Rxa8. Ngome ya a8 ilikuwa inalinda nini sasa?

Ulinzi wa kukaa nyumbani unafaa dhidi ya askari wa safu za pembeni, a, b, g na h. Kwa askari wa g, ngome ya Nyeupe ikitaka kuzungukia upande wa pili ina safu moja tu ya h, haina nafasi ya kufanya lolote. Dhidi ya askari wa c, d, e na f, kukaa nyumbani ni kupoteza.

---

Dada Farasi (Sinza)

Na kama mtu amechelewa kuuwahi mstari wa 6? Maana mara nyingi ngome inakuwa imebanwa kwingine, na mfalme wa Nyeupe keshafika d6 mbele ya askari wake wa d5.

---

Mstari wa Sita

Hapo bado kuna njia dada, ila sasa unatakiwa kujua kuhesabu safu. Askari wa d anaugawa ubao sehemu mbili zisizo sawa: kushoto kwake kuna safu tatu (a, b, c), kulia nne (e, f, g, h). Mfalme anayelinda anakwenda upande mfupi, yaani c8 kisha b7 ikibidi. Ngome inabaki upande mrefu, safu ya h kama inawezekana, ili ipige cheki za ubavuni.

Sababu ni umbali. Cheki za ubavuni zinahitaji safu tatu tupu kati ya ngome na askari. Kutoka h hadi d katikati kuna e, f, g: tatu, zinatosha. Kutoka a hadi d kuna b na c tu: mfalme wa Nyeupe anaisogelea ngome hatua mbili tatu, cheki zinaisha na askari bado yuko hai. Mfalme wako akikimbilia e8 na f7, kaziba upande ambao ngome yake ilihitaji kutumia. Kwenye klabu kosa hili lipo kila wiki, kwa sababu e8 inaonekana iko karibu na katikati.

---

Filimbi Baridi (Mwenge)

Nijibu swali la pili la mwanzisha uzi, maana hilo ndilo lenye kelele ukumbini kila mara.

Kwanza hesabu. Hali "kujirudia" maana yake kete zilezile kwenye miraba ileile, zamu ya mtu yuleyule, na haki zilezile za kukasili (mfalme na ngome kusogea kwa hatua moja) na za kula askari njiani (aliyeruka miraba miwili). Hatua si lazima zifuatane. Kwenye mchezo huu, hali ya Ke6 na Re1, zamu ya Nyeupe, imetokea baada ya 51...Re1+, baada ya 57...Re1+ na baada ya 59...Re1+. Ni tatu kamili. Kwa hiyo kwa hesabu Nyeusi alikuwa sahihi.

Kilichomkwamisha ni zamu. Kanuni ya 9.2 ya FIDE (shirikisho la chess la kimataifa) inampa dai mchezaji mwenye zamu peke yake, na ana milango miwili. Mlango wa kwanza, hali ya mara ya tatu imeshatokea kwa hatua ya mpinzani na sasa ni zamu yako. Mlango wa pili, hali itatokea kwa hatua yako: unaiandika hatua kwenye karatasi, huichezi, unasimamisha saa na kumwambia mwamuzi kwamba unakusudia kuicheza. Nyeusi alicheza Re1+ akabonyeza saa. Alipobonyeza, zamu ikawa ya Nyeupe, na haki ya kudai hali ile ikahamia kwa Nyeupe. Nyeupe naye alikuwa anataka ushindi, angedai sare ya nini?

Bahati yake ni 60.Kd5. Sasa hesabu hali nyingine, Kd5 na Rd1, zamu ya Nyeupe: baada ya 52...Rd1+, baada ya 56...Rd1+, na sasa 60...Rd1+ ingekuwa ya tatu. Akaandika, hakugusa. Mwamuzi anarudia hatua kwa karatasi, ikiwezekana kwenye ubao wa pembeni, anathibitisha, ½–½.

Mambo madogo yanayogeuka makubwa hapo. Ukiigusa ngome kabla ya kudai, haki ya kudai kwa hatua hiyo imekufa. Hatua uliyoandika kwa ajili ya dai haibadilishwi: dai likikataliwa, unaicheza hiyohiyo. Na dai likiwa na makosa ya hesabu mpinzani wako anaongezewa dakika 2. Kwa hiyo usidai kwa hisia.

---

Sekunde Thelathini

Filimbi, na kama mtu haandiki hatua? Maana wengi wakibaki na dakika tatu wanatupa kalamu.

---

Filimbi Baridi

Kwenye saa yenye nyongeza ya sekunde 30 hakuna ruhusa ya kutupa kalamu, hata ukibaki na sekunde 10. Ruhusa ya kuacha kuandika chini ya dakika 5 ni kwa michezo isiyo na nyongeza hiyo. Ukiacha kuandika umevunja kanuni, na dai lako la marudio nalo unaliombea ushahidi kwa karatasi ya mpinzani.

Ushauri wa vitendo kwa kumbi zetu za joto: ukiwa kwenye cheki za kurudiarudia, weka alama ndogo pembeni ya hatua kila hali ileile inapotokea, nukta moja, mbili. Kiwiko chenye jasho usikilaze juu ya karatasi. Wino wa kalamu za bei poa unasambaa, na mwamuzi hawezi kusoma kama ni Kd5 au Kc5. Umeme ukikatika usiguse kete, saa za kidijitali zina betri na zinaendelea kuhesabu. Mwite mwamuzi azisimamishe.

---

Mbagala64

Na ile kanuni ya hatua 50? Nyeusi si angesubiri tu hiyo?

---

Filimbi Baridi

Angeweza, ila angalia hesabu inaanzia wapi. Hatua 50 za kila upande bila kuliwa kete na bila askari kusogea. Askari alisogea hatua ya 50 yenyewe (50.d6), hesabu ikarudi sifuri. Kwa hiyo dai lingesimama kwenye hatua ya 100, ina maana cheki hamsini bila kuteleza hata moja, saa inalia. Marudio ni njia fupi.

Kuna ngazi ya juu yake ambayo haihitaji dai: hali ikijirudia mara tano, au zikipita hatua 75 za kila upande bila kuliwa wala askari kusogea, mwamuzi anaukata mchezo mwenyewe. Isipokuwa hatua ya mwisho ikiwa ni meti, meti inatangulia.

Zamani hesabu ilikuwa inatofautiana kwa baadhi ya miisho. Mchezo wa Nikolić na Arsović wa Belgrade mwaka 1989 ulifika hatua 269, ngome na askofu dhidi ya ngome, kwa sababu wakati huo mwisho wa aina hiyo uliruhusiwa hatua 100. Ukaisha sare.

---

Kijiwe cha Drafti

Hatua 269, halafu sare! Bora drafti.

Swali. Cheki zote hizo, je Nyeusi hakutoa ofa ya sare mezani? Si angemwambia tu mwenzake "tumalize"?

---

Filimbi Baridi

Ofa ina utaratibu: unacheza hatua, unatamka ofa, ndipo unabonyeza saa. Wote wawili wanaweka alama (=) kwenye karatasi. Ofa hairudishwi, inabaki hai mpaka mpinzani aikubali, aikatae kwa mdomo, au aguse kete kwa nia ya kucheza. Ukitoa ofa kila hatua ni kero, na kero ina kanuni yake, 11.5, mwamuzi anaweza kukuadhibu. Halafu lile dai la 9.2 nalo linahesabika kama ofa, kwa hiyo Nyeupe akisikia dai anaweza kusema "nakubali" na mambo yakaisha hapohapo bila hesabu.

---

Dada Farasi

Turudi ubaoni. Mimi sijaridhika na upande wa Nyeupe. Askari mmoja zaidi, ngome iko mstari wa 7, na bado sare? Alikosea wapi?

---

Mstari wa Sita

Kwenye hatua tulizopewa hakukosea popote, sare ilikuwepo tangu 46. Kosa, kama lipo, liko kabla: alimwachia mfalme wa Nyeusi akae mbele ya askari. Mwisho wa ngome na askari unaanza na swali hilo kabla ya lingine lolote.

Linganisha na hali hii: Nyeupe Kd8, Rf1, askari d7, Nyeusi Kg7, Rc2. Mfalme wa Nyeusi kakatwa na safu ya f, hawezi kusogea karibu. Hii ndiyo ya Lucena (jina tu, kwenye kitabu chake cha 1497 haimo). Nyeupe anashinda kwa kujenga daraja: 1.Rf4! Rc1 2.Ke7 Re1+ 3.Kd6 Rd1+ 4.Ke6 Re1+ 5.Kd5 Rd1+ 6.Rd4. Ngome ya mstari wa 4 imeingia katikati kama mwavuli, cheki zimeisha, askari anakuwa malkia. Ukiianza kwa 1.Ke7 bila kuandaa ngome, unapigwa Re2+, Kd6 Rd2+, Ke6 Re2+, na unarudi ulikotoka.

Kwa hiyo ukiwa na askari zaidi, usikimbilie kumsukuma. Kata mfalme wa mwenzako kwanza kwa ngome, safu moja, na ikiwezekana mbili, kutoka kwa askari. Askari asiwahi kumtangulia mfalme wake bila sababu.

---

Sekunde Thelathini

Je, Nyeupe angetafuta kubadilishana ngome? Abaki na mfalme na askari dhidi ya mfalme.

---

Dada Farasi

Hilo nalijibu mimi. Inategemea mfalme anabaki wapi baada ya kubadilishana, na tofauti ni mraba mmoja.

Nyeupe Ke6, askari d5, Nyeusi Kd8. Nyeupe anashinda, zamu iwe ya yeyote. Zamu ya Nyeusi: 1...Ke8 2.d6 Kd8 3.d7 Kc7 4.Ke7. Zamu ya Nyeupe: 1.Kd6 Ke8 2.Kc7 na askari anatembea. Mfalme katangulia mbele ya askari mpaka mstari wa 6, basi.

Sasa geuza: Nyeupe Ke5, askari e6, Nyeusi Ke7, zamu ya Nyeupe. Hapa askari katangulia, na ni sare, ila kwa njia moja tu. 1.Kd5 Ke8! Mfalme anarudi nyuma moja kwa moja, kwenye safu ya askari. 2.Kd6 Kd8 3.e7+ Ke8 4.Ke6, na Nyeusi hana cheki wala hatua: mkwamo, sare. Akirudi kombo 1...Kd8? anakufa: 2.Kd6 Ke8 3.e7 Kf7 4.Kd7. Watu wanapoteza hapa kwa mraba mmoja, d8 badala ya e8.

---

Kijiwe cha Drafti

Hapo kwenye mkwamo ndipo mnaponishinda. Kijiweni ukimfungia mtu asiwe na pa kupita, umemshinda, anatoka anampisha mwingine. Nyie mnampa nusu pointi kwa kufungiwa!

---

Dada Farasi

Ndiyo, na ndiyo maana wanaotoka drafti wanapoteza ushindi wa wazi. Mfano wa kila siku: Nyeusi kabaki na Ka8 tu, Nyeupe ana malkia na mfalme wake yuko mbali. Malkia anachezwa b6 "kumfungia", na Nyeusi hana pa kwenda: a7, b7 na b8 zote ni za malkia, lakini cheki haipo. Mkwamo. Ukiwa na malkia dhidi ya mfalme mtupu, kabla hujaachia kete jiulize mfalme wake ana mraba gani wa kwenda. Kama hana hata mmoja, hakikisha unampiga cheki.

---

Mbagala64

Na bendera ikidondoka? Tuseme Nyeupe na askari wake saa inaisha hatua ya 58.

---

Filimbi Baridi

Nyeupe anapoteza. Ngome na mfalme wanaweza kutoa meti kwa hatua halali, kwa hiyo Nyeusi anapewa pointi nzima, hata kama alikuwa anaomba sare. Ingekuwa sare tu kama Nyeusi hana namna yoyote, hata ya kusaidiwa, ya kumpiga meti mwenzake, kwa mfano kabaki na mfalme mtupu.

Msichanganye na mtandaoni. Chess.com inaukata mchezo yenyewe hali ikijirudia mara ya tatu, Lichess inakutaka ubonyeze kudai. Na saa ikiisha mpinzani akiwa na farasi mmoja tu dhidi ya askari wako, Chess.com inakupa sare, wakati mezani kwa kanuni za FIDE umepoteza, kwa sababu meti ya kusaidiwa inawezekana. Mtu aliyezoea simu anashangaa ukumbini.

---

KeteNyeusi

Nashukuru wote. Nina swali moja la mwisho, la Nyeupe. Baada ya 50...Rb1, kwa nini asishushe ngome 51.Rh4, ili mfalme akipanda e6 na Nyeusi akipiga Re1+, aikinge kwa Re4? Ni daraja lilelile la Lucena.

---

Mstari wa Sita

Swali zuri, na ndilo jaribio la mwisho la maana. Lakini ngome ikishuka imeuacha mstari wa 7, kwa hiyo mfalme wa d8 kafunguliwa mlango: 51...Kd7! Kakaa mbele ya askari kabisa, na d6 sasa inalindwa na mfalme wa e5 peke yake. Nyeupe akirudi 52.Rh7+, mfalme anarudi Kd8, ngome ya b1 bado iko nyuma, na tumerudi pale pale pa 50...Rb1, zamu ya Nyeupe.

Na Nyeusi akisahau Kd7, akapiga cheki kwa mazoea, 51...Re1+, bado yupo salama. 52.Re4 Rxe4+ 53.Kxe4 Kd7 54.Kd5 Kd8! na ni sare ileile ya mfalme na askari aliyoionyesha Dada Farasi. Daraja la Lucena linahitaji askari awe mstari wa 7 na mfalme wake mbele yake. Hapa mfalme wa Nyeusi ndiye aliyeko mbele.

---

Filimbi Baridi

Na mkirudi hivyo, Nyeusi aweke nukta. Hali ya 50...Rb1 inakuwa imetokea mara mbili.